KWENU IMENYESHA KIASI GANI? Kompyuta kuukuu inaweza kukupa jibu

MVUA ya Dar es Salaam ina vituko vyake. Mwenye duka Kariakoo anahangaika na mabeseni kukinga maji yanayovuja, wakati huohuo shemeji yake wa Tegeta anaanika nguo juani na kumwona muongo. Unapanda daladala Gongo la Mboto umelowa chapachapa, ukishuka Posta watu wanakutazama kama umetoka kuvua. Jioni unasikia redioni kwamba mvua imenyesha jijini. Jiji lipi tena, wakati kwako vumbi linatimka?

Redio haijakosea, msomaji. Mvua za ukanda wa Pwani mara nyingi huja kwa wingu moja moja, linamwaga mtaa huu na kuruka ule. Kipimo kilichopo uwanja wa ndege kinasema ukweli wa uwanja wa ndege. Ukweli wa uani kwenu hakuna aliyeuandika, na ndiyo maana kila masika mabishano ni yaleyale: "mwaka huu imezidi", "wapi bwana, mwaka juzi ndiyo ilikuwa balaa". Hakuna mwenye namba, kila mtu ana mdomo tu.

Sasa habari njema ni kwamba namba hizo unaweza kuzipata mwenyewe. Unahitaji vipimo vya hali ya hewa vya kufunga nyumbani, kompyuta kuukuu iliyotupwa chini ya kitanda, na programu ya bure. Siyo kazi ya maprofesa. Kijana anayejua kufungua na kufunga simu za watu pale mtaani anaiweza kwa wikiendi moja, na chenji inabaki.

MVUA YA PUGU, MAJI YA JANGWANI

Kabla hujasema "ya nini yote hayo", tazama mto Msimbazi. Unaanzia kwenye vilima vya Pugu, unakatiza mitaa ya watu, unapita Jangwani na kuingia baharini pale Selander. Mvua ikimwagika Pugu, aliye bondeni anaweza kuwa amekaa kwenye jua anacheza bao. Hana habari kwamba maji yake yako njiani.

Desemba 2011 jiji lililia. Mvua ya siku chache ilikuwa kubwa kuliko zote zilizowahi kupimwa hapa tangu 1954, watu zaidi ya 40 wakafa, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande kuanza maisha upya. Mei 2024 Pwani nzima ilikesha macho juu kimbunga Hidaya kilipokuwa kinakuja upande wa Mafia. Hizi si hadithi za babu, wengi wetu tuliziona.

Kipimo cha nyumbani hakizuii mafuriko, tusidanganyane. Lakini mtu wa Pugu mwenye namba anaweza kumpigia ndugu yake wa Jangwani akamwambia, "Kaka, hapa tangu saa nane zimeshuka milimita 60, panga vyombo juu." Hayo ni maneno tofauti kabisa na "huku inanyesha sana".

Ukitaka faida ya kila siku, ipo pia. Milimita moja ya mvua kwenye eneo la mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Kwa hiyo bati lako la mita 40 za mraba likipigwa na milimita 10, zimeshuka lita 400 hapo. Simtank ndogo hiyo, imejaa au umeiachia ikapita mtaroni!

UNAHITAJI NINI?

Kwanza ni kituo chenyewe. Hivi vituo vya nyumbani huja kwenye boksi moja: kipimajoto, kipima unyevu, kipima upepo chenye vikombe vinavyozunguka, kipima mvua, na kisanduku cha ndani chenye skrini. Vipimo vya nje huongea na kisanduku kwa mawimbi ya redio, huna haja ya kutoboa ukuta. Kampuni ya Fine Offset ya China hutengeneza vingi vinavyouzwa kwa majina tofauti tofauti. Davis ya Marekani ni ya wenye uwezo, lakini ni chuma cha pua kwa sifa.

Ndani ya kipima mvua kuna vijiko viwili vinavyobembea kama pembea ya watoto. Kimoja kikijaa kinapinduka, mwenzake anapokea zamu. Kila kupinduka ni mvua ya milimita 0.2 au 0.3 kutegemea aina. Kituo kinahesabu tu mapinduko, basi. Teknolojia yote hiyo ni kijiko!

Pili ni kompyuta. Usinunue mpya, utachekwa. Kompyuta ya mapajani iliyokatika bawaba, iliyokataa Windows, au ile Raspberry Pi ndogo ya ukubwa wa pakiti ya sigara, zote zinatosha. Kazi yake ni kukaa macho saa 24 na kuandika. Haichezi sinema, haihitaji sura nzuri.

Tatu ni programu, na hapa ndipo utamu ulipo. Inaitwa WeeWX. Aliyeianzisha ni Mmarekani Tom Keffer, imeandikwa kwa lugha ya Python, na ni bure kabisa, tena unaruhusiwa kuichokonoa ndani. Inasoma kituo, inatunza namba, inachora michoro, na kukutengenezea ukurasa wa kutazama kwenye simu.

Onyo kabla hujatoa mshiko: usinunue kituo kwa kupendezwa na picha ya boksi. Andika jina la modeli, kisha litafute kwenye orodha ya vituo ambavyo WeeWX inavielewa. Vingine vinaeleweka moja kwa moja, vingine vinahitaji kiraka cha ziada. Kisipokuwepo kabisa, mwachie muuzaji boksi lake, uondoke na heshima yako.

KWA NINI LINUX?

Linux ni ule mfumo wa kompyuta alioanzisha kijana wa Finland, Linus Torvalds, mwaka 1991 akiwa mwanafunzi. Leo unaendesha seva nyingi duniani, na hata simu yako ya Android imekaa juu yake. Ipo ya ladha mbalimbali: Debian iliyoanza 1993, na mjukuu wake Ubuntu wa 2004, ambaye jina lake ni neno la Kibantu, ndugu wa "utu" wetu.

Tunaitaka kwa sababu mbili. Moja, haina makuu, inakimbia kwenye mashine ambayo mifumo mipya imeshaikana. Mbili, haikuamulii usiku wa manane kwamba sasa tunazima tujisasishe, mpaka wewe mwenyewe useme. Kwa mashine ya kuandika mvua hiyo ni tabia nzuri sana, maana mvua haingoji.

Ukiweka Debian, chagua isiyo na madirisha na mapambo ya skrini. Utabaki na skrini nyeusi na maandishi meupe. Usiogope, mshikaji, hata mafundi wakubwa ndiko wanakoshinda.

ANZA NA KITUO CHA UONGO

Hapa ndipo waliojenga WeeWX walipotumia akili. Ndani yake wameweka kituo cha kuigiza, kinaitwa Simulator. Kinatunga hali ya hewa ya bandia ili ujue programu inafanya kazi kabla hujachomeka waya hata mmoja. Ukianza na hicho, mambo yakigoma baadaye utajua tatizo liko kwenye kituo au waya, si kwenye programu.

Kwanza mfahamishe Debian programu inapatikana wapi. Mistari ya kufanya hivyo iko kwenye weewx.com, inakili hukohuko, maana herufi moja ikikosewa gazetini utatutukana. Kisha andika:

sudo apt update
sudo apt install weewx

Itakuuliza maswali machache. Jina la kituo, andika unalotaka, hata "Kwa Mama Ashura". Halafu mahali ulipo, urefu wa mahali hapo kutoka usawa wa bahari, vipimo unavyotaka, na aina ya kituo. Kwenye aina chagua Simulator.

Subiri dakika tano, kumi ukiwa na subira. Programu itakuwa imeandika ukurasa wake kwenye /var/www/html/weewx. Ili uusome kwa simu ukiwa kitandani, seva yako inahitaji mgawaji wa kurasa:

sudo apt install nginx

Sasa andika kwenye simu namba ya mtandao ya seva yako, ikifuatiwa na /weewx. Ukiona michoro, umefuzu nusu ya kazi. Usipoona kitu, usianze kufuta na kurudia. Muulize mwenyewe anaumwa wapi:

sudo journalctl -u weewx -f

Hilo ni daftari la malalamiko yake. Linasema kwa maneno kilichokwama. Wengi wanaokata tamaa ni wale wasiolisoma.

HAPA WENGI HUTELEZA

Swali la mahali linaonekana dogo, kumbe lina meno. Dar es Salaam iko kusini mwa ikweta, hivyo latitudo yake huandikwa kwa alama ya kutoa: -6.8, na longitudo 39.2. Ukisahau hiyo alama, WeeWX itakuhamishia milimani Ethiopia bila pasipoti, na saa za jua kuchomoza na kuzama zitakuwa za huko.

Urefu kutoka usawa wa bahari nao una kazi. Kadiri unavyopanda, mgandamizo wa hewa unapungua, na programu hutumia urefu huo kuusahihisha. Mtu wa Arusha, kwenye mita 1,400 hivi, akiandika sifuri, kituo kitamwambia mgandamizo ni kama 860, namba ya kimbunga cha kutisha, kumbe nje watu wanakula nyama choma kwa raha zao.

Halafu vipimo. Ukichagua vya Kimarekani utakuta joto la mchana ni 88 ukadhani jiji linaungua, kumbe ni Farenhaiti, sawa na nyuzi 31 zetu. Kuna chaguo la metric na la metricwx. La kwanza linapima mvua kwa sentimita, la pili kwa milimita kama wafanyavyo watu wa hali ya hewa. Chukua metricwx. Ila ile sehemu ya ndani inayosema namba zitunzwe kwenye hazina kwa vipimo gani, iache kama ulivyoikuta. Ukiibadilisha katikati ya safari utachanganya inchi na milimita, na hapo hata mganga hakusaidii.

CHOMEKA KITU CHA KWELI

Mchezo ukienda vizuri, mfukuze muigizaji. Simamisha programu, futa hazina yake ya uongo, kisha ieleze upya kituo ulichonacho:

sudo systemctl stop weewx
sudo rm /var/lib/weewx/weewx.sdb
sudo weectl station reconfigure
sudo systemctl start weewx

Mstari wa pili usiuruke, la sivyo mvua ya kuigiza itakaa kwenye rekodi yako milele. Lakini usije ukaurudia baadaye rekodi ikishakuwa ya kweli! Huo ni mstari wa siku moja tu.

Kama kituo chako kinatumia kebo ya USB, ichomoe na kuichomeka tena baada ya kufunga programu, ili Linux ikipe ruhusa zake upya. Kitendo hiki kidogo kimeokoa usiku wa wengi.

USIKIWEKE JUU YA BATI

Programu nzuri haiwezi kuokoa kipimo kilichokaa pabaya. Kipimajoto kilichofungwa karibu na bati kinapima bati. Watu wa hali ya hewa hukiweka kati ya mita 1.25 na 2 kutoka ardhini, kivulini na penye kupitisha hewa. Kipima upepo ndicho kinachopenda kwenda juu, kwa wataalamu ni mita 10, wewe fika unapoweza bila kuvunja shingo.

Kipima mvua kikae wima, sawasawa kabisa, na mbali na vizuizi. Ikiwa mwembe wako una urefu wa mita 6, kaa nao mbali angalau mita 12. Uani kwetu uswahilini nafasi hiyo ni ndoto, najua. Basi chagua pabaya kidogo kuliko kwingine, na usikihamehamishe. Kipimo kinachokaa palepale, hata pakiwa na kasoro, kinakupa namba za kulinganisha mwaka na mwaka.

Na kikague. Majani, utando wa buibui na zawadi za kunguru huziba mdomo wake, kijiko hakipinduki, wewe unasoma sifuri wakati nje gharika. Mtego rahisi ni kopo lenye kuta zilizonyooka, liweke jirani. Mvua ikikatika chovya rula. Kopo likisema milimita 30 na kompyuta ikisema 12, panda ukasafishe.

UMEME UKIKATIKA JE?

Hili ndilo swali la Kibongo. Kwanza, jua kwamba kuandika mvua hakuhitaji intaneti. Bando likiisha kituo kinaendelea kama kawaida.

Umeme ni jambo jingine. Hapa kompyuta ya mapajani inaishinda Raspberry Pi, kwa kuwa ina betri yake tumboni. Hata betri mbovu ya nusu saa inavuka mikatiko midogo. Ila ukiifunika, Linux italala. Fungua faili /etc/systemd/logind.conf, weka mstari huu, kisha iwashe upya:

HandleLidSwitch=ignore

Hapo unaifunika na kuisukuma chini ya meza, inaendelea na kazi.

Raspberry Pi ina udhaifu miwili. Kadi yake ya kumbukumbu haipendi kunyimwa umeme ghafla, inaweza kuharibika na kila kitu kilichomo. Pia, kabla ya ile ya 5 iliyotoka 2023, Pi hazina saa ya ndani. Umeme ukirudi na intaneti haipo, haijui ni lini, na mvua ya leo inaweza kuandikwa kwa tarehe ya juzi. Ukiitumia, itafutie betri ya akiba.

Vituo vingine vina kumbukumbu yao wenyewe. Davis yenye kifaa chake cha kutunzia huhifadhi rekodi 2,560. Kwa rekodi moja kila dakika tano hizo ni karibu siku tisa. Seva ikizinduka, WeeWX inavuta yote iliyoyakosa. Si kila kituo kina ukarimu huo, ulizia kabla ya kununua.

DAFTARI NDILO MALI

Sasa nisikilize hapa, msomaji, maana ndiyo kiini cha yote. Kipima mvua kikivunjika utanunua kingine. Kompyuta ikifa utaokota nyingine. Lakini masika ya mwaka jana huwezi kuyanunua duka lolote.

WeeWX kwa kawaida huandika rekodi moja kila dakika tano. Kwa siku ni 288, kwa mwaka ni zaidi ya 105,000. Zote zinakaa kwenye faili moja tu, ile /var/lib/weewx/weewx.sdb. Faili hiyo ikipotea, umepoteza kila kitu. Kwa hiyo kila Jumapili simamisha programu, nakili faili hiyo pamoja na /etc/weewx/weewx.conf kwenye flashi, kisha iwashe tena. Dakika moja tu. Na flashi hiyo isikae juu ya meza ileile, kwa sababu maji yakiingia ndani hayachagui.

Ukifikisha miaka mitatu, minne, una kitu ambacho mtaa mzima hauna. Anayetaka kununua kiwanja jirani atakuuliza. Mjumbe akipeleka ombi la mtaro, ataweza kusema "tarehe fulani zilishuka milimita 74 kwa saa tatu" badala ya "maji yalikuwa mengi mheshimiwa". Mwenye cheo anaweza kubishana na mdomo wako. Kubishana na daftari la siku 1,000 ni kazi ngumu zaidi.

USIJIFANYE MTABIRI

Kituo chako kinasema kilichotokea. Hakisemi kesho. Utabiri na tahadhari kwa umma ni kazi ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Wao ndio wanaotazama setelaiti na bahari, na kwao mvua kubwa ni ile inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Iandike namba hiyo ukutani. Kituo chako kikikaribia 50 na bado wingu limenuna, hiyo siyo siku ya kumtuma mtoto dukani kwa kuvuka mto.

WeeWX inaweza pia kurusha namba zako kwenye mitandao ya dunia kama Weather Underground. Kabla hujafanya hivyo, waulize TMA taratibu za vituo vya watu binafsi, ni heshima na ni usalama wako. Wala usiifungulie dunia nzima mlango wa seva yako ili tu kujionyesha. Nywila iwe ngumu, na mara moja kwa wiki uiandikie sudo apt upgrade.

Masika huanza Machi, vuli Oktoba. Ukifunga kituo wiki mbili kabla, una muda wa kugundua kwamba kipima mvua kimepinda au kwamba umeandika Ethiopia. Wingu likija likukute uko tayari, na tone la kwanza litakalogonga bati lako liwe na tarehe, saa na dakika.